Johnson na Evinrude: mashine mbili au moja?

SWALI: Mhariri, nimenunua mashine ya boti iliyotumika, Johnson ya nguvu farasi 25. Bati lake limeandikwa J25ECUR. Fundi anasema vipuri vya Evinrude vitaingia bila shida. Ni kweli? Ni ya mwaka gani, na oili nichanganye kiasi gani?

JIBU: Fundi wako yuko sahihi, ingawa kampuni hizo zilianza zikiwa mahasimu. Ole Evinrude, mzaliwa wa Norwei, alianza kuuza mashine zake Milwaukee, Marekani, mwaka 1909: silinda moja, nguvu farasi 1.5, uzito wa kilo 28 hivi. Hesabu na barua zilikuwa mikononi mwa mkewe, Bess. Afya ya Bess ilipodhoofika waliuza kampuni, na Ole akakubali kutoshindana nayo kwa miaka mitano. Mwaka 1921 alirudi na Elto, ya silinda mbili, nyepesi kwa sababu ya alumini. Mwaka uliofuata ndugu wa ukoo wa Johnson, huko Indiana, wakatoa yao iliyokuwa nyepesi zaidi.

Mwaka 1936 majina yote hayo yakawa chini ya kampuni moja, ambayo baadaye iliitwa OMC (Outboard Marine Corporation). Kufikia miaka ya 1980 tofauti ilikuwa rangi na stika tu. Impela (feni ya mpira ya pampu ya maji), gasketi na vipuri vya kabureta vina namba ileile, mradi mwaka na nguvu farasi vilingane.

Mwaka usome kwenye bati. Tangu 1980 OMC ilitumia neno INTRODUCES: I ni 1, N ni 2, na kuendelea hadi E, ambayo ni 9, na S, ambayo ni 0. Acha herufi ya mwisho, soma mbili zinazoitangulia. Yako ni C na U, yaani 8 na 7: ni ya 1987. Bati likiwa limeng'oka, tafuta kizibo cha chuma cha mviringo kwenye bloku (mwili wa injini). Namba hugongwa hapo pia.

Oili: 50 kwa 1, aina ya TC-W3 (oili ya mashine za boti za mipigo miwili), yaani mililita 400 kwa lita 20 za petroli. Ukikuta stika inayosema 100 kwa 1, ipuuze. OMC yenyewe iliutoa ushauri huo miaka hiyo, kisha ikarudi kwenye 50. Nyingi za kabla ya 1964 hutaka 24 kwa 1, kwa kuwa zina bushi badala ya beringi za rola.

OMC ilifilisika Desemba 2000. Bombardier ikanunua majina yote mawili, na utengenezaji wa Evinrude ukakoma mwaka 2020. Jihadhari na Johnson za mipigo minne zilizotoka baada ya OMC kufilisika: nyingi ndani ni Suzuki, na vipuri vya OMC haviingii. Yako ni ya mipigo miwili, kwa hiyo hilo halikuhusu. Ila badilisha impela ya pampu ya maji kabla ya kuiwasha. Mpira uliokaa miaka hukakamaa, mabawa yake hulala upande mmoja, na bloku huchemka ndani ya dakika chache.