Kundinyota la Mchongaji: usililaumu jicho lako

Mdogo wangu, umesema umepanda juu ya paa Sinza, Dar es Salaam, na darubini ya macho mawili, ukamtafuta Mchongaji ukaambulia patupu. Hujakosea. Nyota yake inayong'aa kuliko zote ina mng'ao wa 4.3 tu (namba ikiwa kubwa, nyota ni hafifu), na taa za jiji zinaimeza.

Wala usitafute umbo la mtu. Mwanaastronomia Mfaransa Lacaille, aliyepima anga ya kusini akiwa Cape Town kuanzia 1751, alipolipa kundi hili jina alikusudia karakana ya mchongaji, na hata hiyo karakana mimi sijawahi kuiona!

Nenda Kimbiji, mbali na taa za jiji, mwanzoni mwa Novemba, usiku usio na mwezi, saa nne hivi. Karibu na utosi kuna nyota Diphda. Teremka kusini nyuzi saba na nusu: utaona kijistari kirefu chenye ukungu, kama alama ya kidole kwenye kioo. Mara ya kwanza nilifuta lenzi. Kumbe ni galaksi, yaani mkusanyiko wa mabilioni ya nyota, iliyo ndani ya Mchongaji na kuitwa NGC 253 kwenye orodha ya wanaastronomia, aliyoigundua Caroline Herschel mwaka 1783, umbali wa miaka ya nuru takriban milioni 11. Pembeni yake kuna NGC 288, fungu la nyota, hafifu zaidi. Hilo liache mpaka upate darubini kubwa.