Kahawa ya gulioni: barua kwa mwanangu

Mwanangu mpenzi,

Salamu kutoka Ngamiani, Tanga. Mama yako hajambo, nami goti linanisumbua asubuhi tu, jua likichomoza linakaa sawa. Unasema mtaji umepatikana, unataka guta, ile baiskeli ya mizigo ya matairi matatu, ulifunge mashine ya kahawa, uwe unazunguka magulio ya huko Arusha: Tengeru Jumatano na Jumamosi, Ngaramtoni Alhamisi na Jumapili. Na umeniuliza: "Baba, watu wa gulio wanakuja na kuondoka, mteja nitampataje na atanirudiaje?"

Naona unamfikiria mnunuzi. Mwache huyo. Mama aliyebeba kikapu cha maharage mkono mmoja na kuku mkono wa pili hana pa kushikia kikombe, na daladala inamwita. Mteja wako ni anayeuza. Yeye kafika na giza, kakaa chini kwenye turubai lake, na hataondoka mpaka jioni. Tena hawezi kuacha nyanya zake akaenda hotelini. Huyo ndiye unayemfuata, na wiki ijayo utamkuta palepale, kwa sababu wenye biashara gulioni hawahamihami.

Kwa hiyo fika kabla ya wanunuzi. Malori yanapoanza kushusha, hapo wapagazi na madereva wanataka kitu cha moto mkononi. Kuna kundi la pili saa nne hivi, wauzaji wakishapata pesa ya kwanza, na la tatu baada ya adhuhuri, soko likipoa na watu wakianza kubishana Simba na Yanga. Hao wa tatu wanakunywa polepole, usiwaharakishe. Ubishi wao unavuta wengine.

Alfajiri wengi watakwambia hawajafungua. Mpe tu. Kikombe kiache kwake, utapita kukichukua ukishasikia ameuza, na pesa utaipokea hapohapo. Mimi pale soko la Mgandini sikuwa na daftari. Kikombe ndicho kilichonikumbusha namdai nani. Vingine vitapotea, hesabu hilo kwenye mtaji.

Sasa hiyo mashine. Sijasema mbaya. Lakini mashine ndogo tu ya aina hiyo inakula wati 1,000 na zaidi, na gulioni umeme utauomba kwa mwenye duka, au ununue jenereta ikupigie kelele siku nzima. Halafu inatoa kikombe kimoja, viwili, basi. Lori likishusha watu kumi na watano kwa mpigo, wa mwisho atakuwa ameshakwenda kwa mama ntilie. Dele langu, birika letu la kahawa, na jiko lake la makaa chini linamimina bila kusimama, na kahawa haipoi. Anza na dele. Mashine utaiweka mjini Arusha siku moja, kwa watu wa ofisini na watalii wanaolipa bei yake.

Kitu kingine, usiende na kichwa cha pwani. Huku kwetu mtu anakunywa kahawa chungu na kashata tangu mtoto. Huko Meru kahawa iko shambani nyuma ya nyumba, lakini mezani ni chai ya maziwa! Miaka mingi kahawa kwao ni zao la kupeleka chama cha ushirika, wakapata ada ya shule. Usibishane nao. Beba chupa kubwa ya chai ya tangawizi pembeni, na kahawa usiikoleze kama yetu mwanzoni. Atakayezoea ataomba kali mwenyewe. Juni na Julai baridi ya huko itakufanyia kazi kuliko maneno yako. Kashata wataipenda, hilo sina wasiwasi.

Mama ntilie usimsogelee kabla hujamsalimia. Mwombe. Akijua huuzi maandazi wala chapati, atakutumia wateja wake, na wako watanunua vitafunio kwake.

Ushuru wa halmashauri lipa mapema na risiti uiweke mfukoni. Vikombe viwe na ndoo mbili, ya sabuni na ya kusuuzia, na maji yenye moto kweli. Mvua zikija na kipindupindu kikatajwa, bwana afya akifika gulioni anaanza na wenye vikombe. Ukiwa umefunga nywele na maji yako yanatoa mvuke, atakunywa kimoja na kupita.

Guta usilipe bado. Nitajie bei yake na urefu wa bodi, nimwone fundi wa jiko huku Tanga anitengenezee linalokaa bila kuyumba kwenye barabara ya vumbi. Dele langu lile kubwa nitalipeleka stendi wiki hii, litakuja na basi la asubuhi; mwambie mtu wa mizigo ni la shaba asiliwekee magunia juu.

Baba yako