Kwa nini faili moja la C huongeza kasi
Ndugu yangu wa Kisauni, umeuliza kwa nini SQLite, maktaba ya hifadhidata iliyoandikwa kwa lugha ya C, huunganisha mafaili yake ya msimbo zaidi ya 100 kuwa moja, sqlite3.c. Kompaila, yaani programu inayogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine, hushughulikia kila faili peke yake, hivyo haioni undani wa funksheni iliyoandikwa kwingine. Funksheni zikiwa katika faili moja, kompaila huweza kuupachika mwili wa funksheni fupi pale pale inapoitwa, na wenyewe SQLite wanataja ongezeko la kasi la asilimia 5 hadi 10. Tahadhari na majina: katika programu yangu ya kukokotoa maji kujaa na kupwa Kilindini, funksheni mbili za static (zinazoonekana ndani ya faili lake tu), zote zikiitwa soma(), ziligongana mara tu nilipounganisha. Kwa kompaila ya GCC, ningeanza na -flto, chaguo linaloiwezesha kuona funksheni za mafaili yote wakati wa kuyaunganisha kuwa programu, ambalo halihitaji kugusa mafaili.