Kabla ya kuilaumu mota, kagua njia

Nilipoanza kazi na viinitete vya nzi wa matunda, siku moja niliviweka kwenye barafu ili vinisubiri nimalize shughuli nyingine. Nilipovitoa na kuvitazama pale pale kwa hadubini, matone ya mafuta ambayo kwa kawaida hukimbia huku na huku yalikuwa yametulia tuli. Nikaandika daftarini, tena kwa furaha, kuwa kinesini ya nzi wale, mota yaani protini inayobeba mizigo ndani ya seli, ni mbovu. Masikini, haikuwa na kosa! Baridi huvunja mikrotubuli, mirija myembamba iliyo ndani ya seli, na hiyo ndiyo njia ambayo kinesini na mota nyingine iitwayo dainini hupita. Kwa hiyo wewe mgeni, anza kwa kuipaka rangi njia yenyewe na kuiona kwa macho yako.

Jua pia njia inaelekea wapi. Kila mikrotubuli ina ncha mbili zisizofanana, chanya na hasi. Kinesini nyingi huenda kwenye ncha chanya, dainini kwenye ncha hasi, lakini kinesini-14 hurudi kinyume na wenzake. Katika yai la nzi linalokua, kinesini-1 hupeleka RNA (nakala ya ujumbe wa jeni) ya jeni oskar upande wa nyuma wa yai, dainini hupeleka ya jeni bicoid upande wa mbele. Usitegemee kukuta reli zilizonyooka humo. Mikrotubuli zimesokotana, na zinazoelekea nyuma zimezidi kidogo tu.

Jambo linalowapoteza wengi ni akiba ya mama. Unafuta jeni ya mota, kiinitete kinagawanyika vizuri, unasema mota haina kazi. Kumbe kinatumia protini na RNA alizoweka mama ndani ya yai. Ukitaka kujua saa za mwanzo, jeni iondolewe kwenye seli za mama zinazotengeneza mayai. Ni kazi ya wiki kadhaa, na haina njia ya mkato.

Mwisho, athari inaweza kutokea mbali na mzigo. Mwaka 1998 watafiti walionyesha kuwa viinitete vya panya visivyo na KIF3B, aina ya kinesini, hukosa silia (vijinywele vya seli) kwenye nodi, kijishimo kidogo cha kiinitete, kimiminika hakisukumwi kwenda kushoto, na moyo huweza kukaa upande wowote. KIF3B haibebi "ukushoto" wowote. Inapeleka vifaa vya kujengea silia. Anayezizungusha ni dainini. Ndiyo maana nikisoma ripoti ya mwanafunzi kwamba mota fulani "huamua" kiungo kikae wapi, humuuliza kwanza: ilibeba nini, na ikakishusha wapi?