Kwa nini mashabiki wa The Darkness waligawanyika bendi iliporudi 2011

Mkuu mleta uzi, umeuliza mambo mawili. La kwanza, kwa nini ukisoma maoni ya zamani kuhusu kurudi kwa The Darkness, bendi ya roki ya Uingereza, unakuta povu jingi, wakati wewe uliyemfahamu mwimbaji wao Justin Hawkins kupitia chaneli yake ya YouTube unamwona mtu mcheshi asiye na neno na mtu. La pili, uanze kusikiliza wapi. Hilo la pili ni jepesi, nitalimalizia chini. La kwanza nalijibu kwa niliyoyaona, maana miaka ile nilikuwa Norfolk, Uingereza, nafanya kazi jikoni kwenye baa, na Lowestoft walikotoka hawa jamaa si mbali na pale. Kila niliyefanya naye kazi alikuwa na msimamo wake juu yao.

Wengi watakwambia mgawanyiko ulikuwa kati ya wanaopenda mbwembwe na wanaotaka roki isiyo na masihara. Hao walikuwepo tangu 2003 na walishachoshana. Ugomvi wa 2011 ulikuwa wa watu wa ndani kabisa, wenye albamu zote. Walikuwa wanagombania nani alibaki na nani aliondoka.

Kwa usiyekuwepo: Permission to Land ilitoka Julai 2003, ikashika namba moja Uingereza, na Februari 2004 wakazoa tuzo tatu za BRIT, tuzo kubwa za muziki kule Uingereza, usiku mmoja. Justin alikuwa anatoka na vazi la kubana la kipande kimoja, limepasuliwa kifua chote, anaimba kwa sauti nyembamba ya juu mpaka unajiuliza pumzi anatoa wapi, halafu anasimama kwa mikono na kupiga makofi kwa miguu. Pembeni yake mdogo wake, Dan, yuko na fulana ya Thin Lizzy, bendi ya roki ya zamani, kama kawaida yake, anachapa gitaa kwa uso mkavu kama fundi aliyelipwa kwa saa. Mimi naamini utamu wa bendi ulikuwa hapo, kati ya hao ndugu wawili. Justin peke yake angekuwa kichekesho. Dan peke yake angekuwa mpiga gitaa mzuri ambaye humkumbuki kesho yake.

Halafu mambo yakaharibika haraka. 2005 mpiga besi Frankie Poullain akatoka, nafasi yake akapewa Richie Edwards, aliyekuwa fundi wao wa magitaa. Novemba ile wakatoa albamu ya pili chini ya Roy Thomas Baker, prodyuza aliyewatengeneza Queen (ndiyo, Queen ya Freddie Mercury wetu wa Mji Mkongwe). Albamu iliishia namba 11. Kwa bendi ndogo hiyo ni sherehe, kwa wao ilikuwa msiba. Oktoba 2006 Justin, ambaye alishapitia matibabu ya pombe na kokeni, akaaga.

Sasa fuatilia hapa, kwa sababu povu lote linaanzia hapa. Waliobaki hawakukaa kulia. Dan, mpiga drams Ed Graham na Richie wakaanzisha Stone Gods. Richie akaweka besi chini akashika maiki. Muziki ukawa mzito, hakuna kumeremeta, hakuna sauti za juu za madoido. Albamu yao ikatoka 2008. Justin naye akaanzisha Hot Leg, na kule mbwembwe ziliongezwa badala ya kupunguzwa. Albamu yao ni ya 2009. Kwa hiyo shabiki wa The Darkness alilazimika kuchagua ndugu. Mtu aliyekulia Dar enzi za Msondo na Sikinde ataelewa bila kuchorewa: mwimbaji Gurumo alipotoka Msondo akahamia Mlimani Park, ndiyo Sikinde, 1978, wapo waliomfuata na wapo waliobaki na bendi, na meza zikatengana.

Machi 2011 ikatangazwa kwamba The Darkness wamerudi, wale wanne wa mwanzo. Soma tena, mkuu: wanne wa mwanzo. Maana yake Frankie karudi kwenye besi na Justin kwenye maiki. Richie hakuwa na kiti tena, na Stone Gods ndiyo ikaishia hapo.

Juni mwaka ule nilipata kibarua cha kuuza baga kwenye gari la chakula pale Donington Park, kwenye tamasha la roki la Download. The Darkness walikuwa jukwaa kuu siku ya Ijumaa, wakitangulia Def Leppard, bendi kubwa ya kufunga siku ile. Gari letu lilikuwa upande wa kwenda jukwaa kuu, kwa hiyo kutwa nzima nilisikia mjadala kwenye foleni. Alikuja jamaa mnene, ndevu nyekundu, kajibana kwenye vazi la milia ya waridi na nyeupe alilojishonea mwenyewe. Zipu ilikuwa imegoma tumboni akaifunga kwa pini ya nepi. Nyuma yake kuna mwanamke wa makamo kavaa fulana nyeusi ya Stone Gods iliyopauka. Jamaa akamwambia kwa furaha, dada, hiyo muda wake ulishapita. Yule mama akamjibu taratibu kwamba yeye alisimama kwenye kumbi zenye watu wachache kumtia moyo Dan siku ambazo kaka yake hakuwepo, na leo anaambiwa ile ilikuwa kazi ya kupitisha muda. Jamaa akanyamaza. Akachukua baga yake, akasahau chenji.

Nikamwelewa yule mama kuliko magazeti yote. Hakuwa anachukia mavazi ya kumetameta. Alikuwa anadai heshima ya miaka ile mitano.

Wahenga walisema ndugu wakigombana shika jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Mashabiki wa Stone Gods hawakwenda kulima. Walisimama upande wa ndugu mmoja kwa moyo wote. Ndugu walipopatana, wao ndio waliobaki na kinyongo mikononi, na Richie wao yuko nje. Kwa hilo nawapa haki. Ila walipoanza kusema Dan kalazimishwa, au karudi kwa njaa, hapo walivuka mpaka. Nilisogea nyuma ya gari wakati wanapiga nikamwangalia kwenye skrini kubwa. Mtu aliyelazimishwa hapigi vile.

Hot Cakes ilipotoka Agosti 2012 ikafika namba 4, na ugomvi ukabadilika sura. Waliokuwa wameshangilia wakaanza kulalamika kwamba nyimbo zimechemshwa upya, na kwamba kuugeuza wimbo wa taratibu wa bendi ya Radiohead kuwa wa kupayuka ni utani uliopitiliza. (Mimi ule naupenda. Ni utani, ila umepigwa kwa ustadi.) Wakati huohuo wakaenda kumfungulia Lady Gaga kwenye ziara yake ya Ulaya. Wazee wa roki pale baani walinuna wiki nzima, eti wameuza bendi kwa watoto wa pop. Nikawauliza, mwanamke anayevaa vile jukwaani na Justin anayevaa vile, mnataka wakafungue kwa nani, Metallica? Hakuna aliyenijibu. Albamu yenyewe naipa nusu: upande wa mwanzo una moto, mwishoni wanajirudia.

Angalia pia jambo hili: Ed alipoondoka 2014, na mwaka uliofuata akaingia Rufus Taylor, mtoto wa Roger Taylor wa Queen, hapakuwa na vita. Watu waliguna siku mbili wakaendelea. Ed alikuwa wa mwanzo kama wengine, lakini safari hii hakuna aliyelazimishwa kuchagua ndugu.

Sasa swali lako la pili. Usianze na orodha za nyimbo maarufu. Sikiliza Permission to Land yote, mfululizo, kwa spika nzuri, na fuatilia gitaa la Dan badala ya sauti. Ukimaliza, ruka ya pili kwa sasa, nenda kwenye ile ya Stone Gods ya 2008, kisha ya Hot Leg, ndipo uje Hot Cakes. Ukifuata mpangilio huo utasikia mwenyewe nini kilipotea walipotengana na nini hakikurudi walipoungana. Easter Is Cancelled ya 2019 ni kwa ajili ya baadaye, ukishawazoea. Na ukiiona ile ya Stone Gods mahali popote kwenye sidii, nunua, usipopata nafasi ya kuisikiliza nitumie mimi.