Swali la lugha: Je, serikali inaweza kusimama barabarani?

SWALI: Ninafundisha Kiswahili huku Mukono. Niliwapa wanafunzi wa kidato cha pili insha, "Jukumu la serikali katika taifa". Mmoja akaandika: "Serikali wawili walitusimamisha njiani wakatuuliza vitambulisho." Nikapiga mstari mwekundu, akanijibu kwamba kwao ndivyo wanavyosema. Kisha mwalimu mwenzangu akadai kasoro iko kwenye kichwa changu cha insha, eti kingekuwa "wajibu" au "kazi". Nani kakosea?

JIBU: Mwalimu, juzi nilipanda teksi kutoka huko kwenu Mukono kuja Kampala. Tulipokaribia Kireka kondakta akamnong'oneza dereva, "Abaserikale bali mu maaso," na dereva akauvuta mkanda wake upesi. Kando yangu alikaa mama mmoja mgeni kutoka Tanga. Akaniuliza, "Kwani serikali imefanya nini huko mbele?" Nikamwonyesha kwa kidole: askari wawili wa usalama barabarani, wamejibanza kwenye kivuli cha mwembe.

Mwanafunzi wako, basi, hakubuni kitu. Kwa Kiganda omuserikale ni polisi au mwanajeshi, na serikali yenyewe huitwa gavumenti. Alichofanya ni kurudisha kwenye Kiswahili neno ambalo Kiganda kilikwisha kuliazima na kulivika kiambishi cha mtu.

Asili ya neno ni Kiajemi: sar ni kichwa, kar ni kazi. Wahindi hadi leo huiita serikali yao sarkar. Sisi tukaongeza irabu ili litamkike. Lilivyofika kwenye Kiganda likiwa mtu badala ya chombo, nadhani jibu liko kwenye buti. Uganda ilifanywa himaya ya Uingereza mwaka 1894, na jeshi la King's African Rifles lilipoundwa mwaka 1902, Kiswahili kilikuwa lugha ya kambi. Mwanakijiji hakuwahi kukaa meza moja na gavana. Serikali aliyoijua ilimjia kwa miguu, ina magwanda na bunduki. Nao Waswahili wasiwacheke Waganda, maana kwetu pia ukisikia "vyombo vya dola" hufikirii wizara ya kilimo.

Kituko ni kwamba neno askari limeteremshwa cheo. Mjini Kampala askari ni yule mlinzi wa getini mwenye tochi na redio ndogo. Kwa hiyo mtoto aliyeandika "askari wawili walitusimamisha" angehofia kueleweka kwamba alizuiwa na walinzi wa duka. Hofu yake ina msingi, lakini Kiswahili cha kuandika hakimpi ruhusa. Serikali iko katika ngeli ya i-/zi-: serikali imetangaza, serikali zimekubaliana. Ukisema "serikali mbili", Mtanzania atafikiria ile ya Muungano na ile ya Zanzibar, wala si vijana wawili wenye filimbi. Mtu aseme askari polisi, mwanajeshi, ofisa wa serikali. Mstari wako mwekundu ubaki. Hata hivyo, mimi ningeandika pembeni "neno zuri la Kiganda", kwa sababu mtoto akidhani alitunga upuuzi hataandika tena kwa ujasiri.

Utasikia pia "serikali wamepandisha kodi". Sokoni naliacha lipite, kwa kuwa msemaji anawawazia watu waliomo ndani. Kwenye insha ni imepandisha.

Sasa kichwa chako. Hapa mwenzako ana hoja, ingawa amechanganya maneno mawili yasiyolingana. Kazi ni kile kinachofanyika. Wajibu ni deni: usipoutimiza, mtu ana haki ya kukudai. Jukumu ni mzigo uliokabidhiwa. Na lipo la nne ambalo hakuna kati yenu aliyelitaja, mamlaka, yaani uwezo uliopewa kisheria. Chukua kodi, tuyaone yote. Kuikusanya ni kazi ya Mamlaka ya Mapato ya Uganda, iliyoanzishwa mwaka 1991. Haiwezi kujiamulia tu, kwa sababu Katiba ya mwaka 1995, ibara ya 152, inasema kodi haitozwi ila kwa idhini ya sheria ya Bunge; hayo ndiyo mamlaka. Kuilipa ni wajibu wa raia, na umo katika ibara ya 17. Kuitumia fedha hiyo kujengea zahanati yenye dawa ni wajibu unaorudi upande wa pili. Jukumu si kosa, ila ni pana mno, na mwanafunzi atajaza kurasa mbili bila kuamua kama anaeleza serikali inafanya nini au inadaiwa nini. Ukitaka cha pili, sema wajibu. Ila msimruhusu yeyote aandike "serikali inacheza jukumu kubwa". Kinachochezwa ni mpira na ngoma.

Kilichonisumbua zaidi ni lile neno la mwisho, taifa, ambalo hukuliuliza. Darasani kwako watalitafsiri kimoyomoyo kuwa eggwanga, na eggwanga kwa Kiganda ni taifa na pia ni kabila. Munnaggwanga, ambaye ukimfuata kiambishi kwa kiambishi ungemwita mwanataifa, ni mgeni kutoka nje! Mtoto akianza hapo, serikali ya insha yake itakuwa ya kuwahudumia wageni. Nchi haina mtego huo. Ni ndugu wa damu wa ensi, na mwananchi anakutana na munnansi bila mkalimani. Tena nchi na serikali zinatenganika vizuri darasani: tangu uhuru wa mwaka 1962 serikali za Uganda ziliangushwa mwaka 1971, 1979, 1985 na 1986, na mara zote hizo Mukono ilibaki pale pale, kwenye barabara ile ile ya Jinja.

Muhula ujao waandikie ubaoni: "Wajibu wa serikali kwa wananchi." Na yule mwenye serikali wawili mpe nafasi ya kusahihisha sentensi yake mwenyewe, maana kisa chake cha kuulizwa vitambulisho kinaingia humo humo.