Kwarteti mtaani: sogezeni viti kwanza, mengine baadae

Mkuu mleta mada, nimesoma swali lako mara mbili. Umesema mpo wanne, yaani kwarteti, fidla mbili (vayolini), viola iliyo kubwa kidogo kuliko fidla, na chelo ile kubwa ya kukalia na kushika kwa magoti, ila mwenye chelo anapatikana kwa kubahatisha, mnataka kupiga muziki wa klasiki hapo mtaani kwenu na mnaogopa vitu viwili: watu hawatakuja, na wakija hawataelewa. Mimi napiga chelo, sio kwa kulipwa, nina kazi nyingine inayonilisha, na hicho mnachotaka kukifanya mimi na wenzangu tunakifanya mwaka wa sita huu. Kwaiyo ngoja nikupe uzoefu pamoja na aibu zake.

Hiyo hofu ya pili itupe kabisa. Watu wanaelewa. Kinachowakimbiza ni umbali, na naposema umbali namaanisha hatua za miguu, sio elimu wala tabaka.

Nianze na tulivyochemka. Mara ya kwanza tulikodi ukumbi, jukwaa juu, viti mistari, maiki nne, spika mbili kubwa kama makabati. Tukatoa tangazo limeandikwa "Jioni ya Muziki wa Chumbani", si ndo jina lake huko ulikotoka jamani, chamber music, ila wewe lisome tu kwa sauti uone watu walilielewaje. Dogo mmoja alikuja kuuliza kwa heshima zote kama ni lazima uwe na miaka kumi na nane. Wakaja watu kumi na wanne, saba ni ndugu zetu, wakakaa nyuma kabisa kama wanafunzi ambao hawajafanya homuweki, katikati yetu na wao viti vitupu vimejipanga kama makaburi. Maiki zikaanza kupiga miluzi, fidla ikipita kwenye spika mbovu inatoka kama mbu aliyeshikwa bawa, na mwenye ukumbi akatuzimia taa tukiwa sehemu ya tatu kati ya nne, muda umeisha anasema. Tulifungasha gizani. Mimi nilisema sirudii tena.

Kilichotuokoa ni malalamiko. Tulikuwa tunafanya mazoezi kila Alhamisi kwa mwenzetu wa viola, ghorofa ya pili, na chini yake anakaa mzee mmoja mstaafu. Siku moja akapanda, akagonga, tukajua leo tunafukuzwa. Yule wa viola akawahi, "Shikamoo mzee, samahani kwa kelele, tunamaliza sasa hivi." Mzee akaitikia marahaba, afu akasema maneno ambayo mpaka leo tunayarudia: "Kelele sio tatizo. Tatizo mnaanza vizuri, mkifika mahali mnakata, mnarudia palepale mara ishirini, afu mnaondoka. Mwaka mzima huu sijawahi kujua mwisho wake unakuaje."

Tukaangaliana. Tukamwambia mzee kaa hapo. Akasema subiri, akashuka, akarudi na mke wake na mjukuu. Sebule yenyewe ndogo, mzee alikuwa amekaa karibu na viola kiasi kwamba kila upinde ukienda upande wake anarudisha kichwa nyuma. Tukapiga kutoka mwanzo mpaka mwisho bila kukata, na tulikosea sana, na hakuna aliyejali. Mjukuu alikaa chini miguuni pangu. Uzi mnene wa chelo ukiachwa wazi unatetema kama mara 65 kwa sekunde, ni sauti ya chini mno, inapita kwenye ule mchuma wa chini ambao chelo inausimamia, inaingia sakafuni, yule mtoto akaligundua hilo kabla sijamwambia kitu, akaweka kiganja chini, akamwangalia bibi yake, akaweka na cha pili.

Hapo ndo nikajua tulichokosea ukumbini, na nikaona kumbe lile jina la chumbani tulilolicheka lilikuwa linatuambia kila kitu. Huu muziki uliandikwa kwa ajili ya vyumba, watu wachache, kila mmoja ana mstari wake peke yake, hamna kondakta wa kuwaongoza kwa mikono, wanaangaliana macho na kusikilizana pumzi. Nyumbani kwa kina Franz Schubert, mtunzi wa Austria, kwarteti ilikuwa ni familia, kaka zake kwenye fidla, baba chelo, Franz mwenyewe viola. Na kuna hii ya Dvořák, mtunzi wa Kicheki, ambayo nawasimulia watu kila mara kwa sababu ni habari ya majirani kabisa: nyumba aliyokuwa anaishi Prague alikuwa amepanga mwanafunzi wa kemia anayejifunza fidla, mwalimu wake anakuja wanapiga wawili, Dvořák anasikia tu. Januari 1887 akaamua ajiunge nao, yeye ashike viola, akaandika kipande cha fidla mbili na viola, ndo kinaitwa Terzetto. Akakileta, kikawa kigumu mno kwa yule mwanafunzi. Hakununa. Akakaa akaandika vingine vyepesi zaidi. Mtu alikuwa tayari ana jina Ulaya nzima, anamwandikia mpangaji mwenzake kazi ya saizi yake.

Sasa baada ya yule mzee tulifanya hivi. Mwezi uliofuata tukahamia kule chini kwenye mlango wa kuingilia jengo, mzee ndo alizunguka kuwaambia watu, na hapa naomba mnisikilize, tangazo lenu la karatasi halina nguvu hata robo ya mtu mmoja anayeheshimika jengoni akisema njooni. Wakaja kama thelathini. Viti tukavipanga kiatu cha farasi, sisi katikati, mstari wa kwanza hauzidi mita moja na nusu kutoka kwetu, watoto kwenye mkeka mbele ya wote. Maiki hakuna. Thelathini ni wengi wa kutosha, wakifika sitini ni bora mpige mara mbili kuliko kuleta spika.

Uangalie ukuta lakini. Ngazi na korido zenye vigae zinarudisha sauti sana, ukipiga polepole unasikika kama malaika, ukipiga harakaharaka inakuwa uji. Watu wenyewe wakijaa wanapunguza mwangwi, na mkeka nao unasaidia, kwaiyo msihukumu mahali kabla hapajajaa.

Kuhusu nini cha kupiga. Kosa la wengi ni kuleta vile vipande ambavyo kila mtu amevisikia kwenye simu inaita, kwa kudhani wageni lazima wapewe kitu kilaini. Mimi sikubaliani na hilo hata kidogo, jirani yako anatazama filamu za kutisha na mpira wa dakika 120 mpaka penati, hawezi kushindwa na kwarteti. Kilichofanya kazi kwetu kuliko vyote ni kwarteti (kazi ya wanne nayo huitwa hivyo) ya mtunzi Haydn, Opus 33 namba 2, opus ni namba ya kazi ya mtunzi, ya mwaka 1781, wenyewe wanaiita "Utani". Sehemu ya mwisho ina kimelodi cha kurukaruka ambacho ukikisikia mara mbili unakijua. Sasa mwishoni Haydn anakikata vipande vinne, mnapiga kipande, kimya, kipande, kimya, mpaka vinaisha. Watu wanapiga makofi. Kumbe bado. Kimya kirefu zaidi, afu mnapiga tena kile kipande cha kwanza, sauti ya chini kabisa, na ndo basi, imeisha kama imekatikia njiani. Siku ile watu walipiga makofi mara tatu, na katikati ya ile kimya ya mwisho mama mmoja akawakemea wenzake, "Nyie! Hawajamaliza!", sisi ndo tukapiga zile noti chache tukashusha pinde. Yule mama alicheka mpaka akashika kiti cha mbele. Utani wa miaka zaidi ya 240 umempata mtu mlangoni kwake, na hakuna aliyemfafanulia chochote.

Na hapo hapo niseme, mtu akipiga makofi katikati msimtolee macho. Mozart 1778 aliandika kwa baba yake kutoka Paris akijisifu kabisa kwamba hadhira ililipuka kwa makofi katikati ya simfoni yake, kazi ya okestra nzima, na alikuwa ameitega sehemu hiyo makusudi. Hii sheria ya kukaa kama msibani imekuja baadae.

Vingine vilivyokubalika: sehemu ya pili ya kwarteti namba 8 ya Shostakovich, mtunzi wa Urusi, ya 1960, ile ni hasira tupu, vijana waliokuwa wamesimama nje wanachungulia waliingia wenyewe kwa kipande hicho. Kwarteti ya Dvořák ya 1893 aliyoiandika likizo Spillville, Iowa, nayo mtaipenda kwa sababu viola ndo anafungua, na watu wengi ndo mara yao ya kwanza kugundua kwamba viola sio fidla iliyonenepa. Kama mna misuli mtafuteni mtunzi Justinian Tamusuza wa Uganda, kwarteti yake ya 1988 ambayo Kronos Quartet, kundi la Marekani, waliirekodi, ila msiichukulie poa, sisi midundo yake ilitutoa jasho miezi minne na bado tunapiga kipande tu.

Dakika arobaini, arobaini na tano, mwisho. Hotuba msitoe. Mwaka aliozaliwa mtunzi hausaidii mtu yeyote pale. Tunachofanya sisi ni kabla ya kipande kila mmoja anapiga mstari wake peke yake kwa sekunde kumi, fidla ya kwanza, ya pili, viola, chelo, afu wote pamoja. Basi. Mtu akishasikia hivyo anakuwa na kazi ya kufanya, anamfuata mmoja, anamwacha, anamfuata mwingine. Mzee wetu mpaka leo anafuata viola tu, anasema fidla ya kwanza inajisikia sana.

Ajali sasa. Vigae na chelo ni maadui. Sehemu ya polepole, kimya, watu wamefumba macho, mchuma wangu ukateleza, chelo ikaondoka mbele kama mtoto aliyeona mama yake, nikawa naifuata kwa magoti huku napiga, mtoto mmoja wa mkekani akaweka mguu wake kuizuia. Tangu siku hiyo natembea na mkanda wenye tundu, unafungwa kwenye mguu wa kiti na mchuma unachomekwa mwisho wake. Na kiti kisiwe na mikono. Mkipiga nje, vibanio vya nguo vya kushikia karatasi, zaidi ya mnavyodhani mnahitaji, na msikubali kukaa juani hata kama watu wanaonewa huruma wakakaa kivulini nyie mkaachiwa jua, hivi vyombo vimeunganishwa kwa gundi ya ngozi za wanyama, ikipata joto inalegea, mwenzangu fidla yake ilifunguka ubavuni mchana mmoja.

Noti sio tatizo, watunzi wa zamani kazi zao hazina tena haki miliki na zimejaa IMSLP, maktaba ya noti mtandaoni, bure tangu 2006, ila angalia toleo lenyewe lisiwe jipya maana mhariri wa leo naye ana haki zake. Hela: sisi tunaweka kofia mlangoni, hakuna anayeangalia nani katia nini, inatosha nyuzi na usafiri. Aliwahi kuja mdhamini anataka bango lake nyuma yetu na dakika kumi na tano za kuongea. Tulikataa, na ndo ugomvi pekee mkubwa tuliowahi kuwa nao sisi kwa sisi, mmoja alitaka tuchukue na mpaka leo anaamini tulikosea.

Kuhusu swali lako la mwisho, kama mara moja inatosha kuona mwitikio. Hapana. Ya pili huwa na watu wachache kuliko ya kwanza, msikate tamaa hapo, wale wa kushangaa wameondoka wamebaki wa kusikiliza. Chagueni siku moja ya mwezi mahali palepale na msibadilishe. Ukiwaangalia waliodumu, mfano Community MusicWorks kule Providence, Marekani, tangu 1997, au Ghetto Classics ya Korogocho, Nairobi, iliyoanza 2008, utakuta walikaa hapohapo wakafundisha watoto wa hapohapo. Kwetu sisi mjukuu wa mzee saivi ana fidla ya robo, ile ndogo ya watoto, ya kuazima, na sauti anazotoa, basi tu, majirani wameanza kupanda kulalamika upya.

Na huyo mwenye chelo wa kubahatisha asiwazuie. Anzeni na hiyo Terzetto niliyoisema, fidla mbili na viola, kama dakika ishirini hivi, na ikiwashinda chukueni vile vyepesi alivyomwandikia yule mwanafunzi, vinaitwa Drobnosti, Opus 75a. Akirudi mwambieni aje na mkanda wa kiti.